Sifuri Nukta Tatu: Je, Uhusiano wa Mataifa Unapimika?

Kuna swali ambalo wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa hukutana nalo mwaka wa kwanza, na wengi huliacha palepale mtihani ukiisha: je, mambo ya mataifa, yaani vita, amani, mipaka, mikataba na wakimbizi, yanaweza kuchunguzwa kwa njia za sayansi, kama tunavyochunguza mvua au malaria?

Mimi si mwanadiplomasia. Naishi Kasokola, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, na jioni zangu nyingi zinaishia kwenye vitabu. Lakini naona swali hili linatuhusu sisi wa Katavi kuliko linavyowahusu wanaolisomea Kurasini. Majirani zetu ni Katumba, na mbele zaidi kuna Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kwa hiyo huku kwetu "uhusiano wa kimataifa" unanunua kwake mihogo, unapanda naye treni ya Kaliua, unaoa kwake na unamwita shemeji. Mtu akisema anataka kuupima kwa namba, nina haki ya kuuliza: unampima nani, kwa rula gani, na ukishampima unamdai au anakudai nini?

Nianze na mtu aliyejaribu kwa moyo wote. Lewis Fry Richardson alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa hisabati na hali ya hewa, na muumini wa dhehebu la Marafiki, hao Quaker ambao leo wana waumini wengi sana magharibi mwa Kenya. Imani yake ilimkataza kubeba silaha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa, na huko huko, kati ya safari moja na nyingine, akakaa kupiga hesabu za hali ya hewa kwa mkono. Alitaka kujua kama hewa ya kesho inaweza kukokotolewa kwa milinganyo badala ya kubahatishwa. Utabiri wake wa saa 6 ulimchukua takribani wiki 6 kuukokotoa, na ulipokamilika ulikuwa umekosea vibaya sana. Akauchapisha hivyo hivyo mwaka 1922, na makosa yake yote. Leo kila simu inayokwambia kesho mvua itanyesha Mpanda inatumia mjukuu wa njia ile ile iliyoshindwa.

Mwaka 1920 ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza iliwekwa chini ya Wizara ya Anga, wizara ya mambo ya ndege za kivita. Richardson akaacha kazi. Baadaye akazigeuza zile hesabu zake kuelekea vita vyenyewe. Kitabu chake kikubwa kuhusu jambo hilo, takwimu za kile alichokiita magomvi ya mauti, kilitoka 1960, miaka 7 baada ya yeye kufariki.

Hebu tulitazame hilo jina. Hakusema vita. Alisema ugomvi wowote unaoua watu, kwa sababu aliona "vita", "uasi", "machafuko" na "operesheni" ni majina ambayo wenye nguvu huyachagua kwa faida yao. Akatengeneza kipimo kimoja cha vyote, kwa logarithimu. Ugomvi ulioua mtu 1 unapata 0. Ulioua 10 unapata 1. Ulioua 100 unapata 2, na kuendelea hadi vita viwili vya dunia ambavyo vinafika 7. Mauaji ya kilabuni na vita vya dunia vikakaa kwenye rula moja. Nasikia watu wakisema sayansi ya jamii haina maadili, lakini kuna msimamo wa kimaadili ulio mzito kuliko huo? Kwamba mfalme anayeua na mlevi anayeua wanatofautiana kwa idadi ya sifuri tu?

Sasa tulilete kipimo hicho nyumbani. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Serikali ya Micombero ikajibu kwa mauaji ya miezi kadhaa dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio mengi ya waliokufa yako kati ya 100,000 na 200,000. Yapo ya chini kidogo ya hapo na yapo ya juu zaidi. Watu zaidi ya laki moja wakakimbia nchi, wengi wao wakaingia kwetu.

Kwenye kipimo cha Richardson, 100,000 ni 5. Na 200,000? Ni 5.3. Yeye mwenyewe alijua hesabu za vifo vya vita haziaminiki, kwa hiyo alikusanya magomvi kwenye mafungu mapana: fungu la 5 linaanzia vifo 31,623 na kuishia 316,228. Ukichukua kadirio lolote kati ya hayo ya kawaida ya mwaka 1972, unaangukia humo humo. Kwa mwanasayansi huu ni ushindi. Ujinga wetu kuhusu idadi kamili hauharibu tena hesabu. Tunaweza kulinganisha, kuchora mchoro, kutafuta mwelekeo.

Lakini tofauti kati ya 5 na 5.3 ni sifuri nukta tatu, na hiyo sifuri nukta tatu ni watu laki moja.

Nilimweleza jambo hili mzee mmoja jirani yangu, aliyeletwa Katumba akiwa kijana na sasa ni raia mwenye cheti. Tulikuwa tumekaa nje kwake baada ya kusalimiana vizuri, shikamoo na marahaba, habari za mifugo na za wajukuu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi nimo kwenye hizo namba zako?"

"Mzee, wewe umo. Uko kwenye wale 162,256 waliopewa uraia."

"Sawa. Na wale ndugu zangu watatu?"

"Hao wako kwenye ile isiyojulikana. Ile sifuri nukta tatu."

Akanyamaza kidogo. "Basi mimi nawajua majina. Wangekuja kuuliza, ningewaambia."

Sikumjibu, maana hilo halikuwa swali. Ila lilinifanya nirudi kwa wale wanaopinga kabisa wazo la kupima mataifa, nione kama wao wana la kumwambia mzee.

Wapinzani hao si watu wadogo. Hans Morgenthau, mwaka 1946, aliandika kitabu kizima akishambulia imani kwamba siasa za nguvu zinaweza kutibiwa kwa akili ya kimaabara. Hedley Bull, Mwaustralia, aliandika makala maarufu mwaka 1966 akitetea njia ya zamani: historia, falsafa, sheria na busara ya msomaji. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba tukiamua kusema yale tu yanayoweza kuthibitishwa kwa vipimo vikali, yatabaki machache sana ya maana tunayoweza kuyasema kuhusu mataifa. Maswali makubwa, kama vile ni lini vita ni vya haki, dola ina haki gani juu ya watu wake, wageni tunawadai nini, hayana rula.

Sisi wapenzi wa fasihi tunaisoma hoja hiyo tukitikisa kichwa kwa kukubali. Inatupendeza. Inatuambia kwamba riwaya moja nzuri inajua kuliko jedwali. Mimi pia inanipendeza, na ndiyo maana siiamini harakaharaka. Kwa sababu ukimwambia yule mzee kwamba waliokufa hawahesabiki kwa vile kila mtu ni ulimwengu wake, umemfurahisha nani? Waliofurahi zaidi kwa kutohesabiwa kwa wafu wa 1972 ni waliowaua. Kila muuaji wa namna hiyo hupenda maneno makubwa na namba ndogo. Asiyehesabu kwa sababu ya heshima na asiyehesabu kwa sababu ya kuficha wanaacha ukurasa ule ule mtupu. Mzee hakusema "msiwahesabu". Alilalamika kwamba hawakuja kuuliza.

Kwa hiyo tatizo la sifuri nukta tatu halitokani na sayansi kuwa nyingi mno. Naona ni kinyume chake, kazi ya sayansi ilikatishwa katikati. Fungu pana la Richardson lilikuwa kiraka cha mtu mwaminifu aliyekosa taarifa. Likianza kutumika kama sababu ya kutozitafuta, limegeuka kuwa kitu kingine.

Halafu kuna jambo jingine ambalo mjadala huu hulipotosha, nalo ni kudhani sayansi maana yake ni namba. Kati ya mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti huku kwetu, Mishamo, na pia Kigoma mjini. Kitabu chake kilitoka 1995. Hakuja na milinganyo. Alisikiliza watu. Lakini tazama alivyopanga kazi: watu wa asili moja, waliokimbia mauaji yale yale, mwaka ule ule. Wengine wamewekwa kambini, peke yao, wana mipaka yao na utawala wao. Wengine wamejichanganya mjini. Je, wanajiona vipi? Alichokuta ni kwamba wa Mishamo walikuwa wameijenga na kuilinda historia ya taifa lao lililo uhamishoni, wanaisimulia na kuirudia kama somo la maadili. Wa Kigoma walikuwa wakijitambulisha kwa namna nyingi kadiri maisha yalivyodai, na wengi hawakutaka kubeba jina la mkimbizi kabisa.

Huo ni ulinganisho, na ulinganisho ndio moyo wa sayansi. Una udhaifu wake, kwa sababu aliyeamua kwenda mjini huenda alikuwa mtu wa namna nyingine tangu mwanzo, na hakuna aliyerusha shilingi kuamua nani aende wapi. Lakini unakuruhusu kusema jambo linaloweza kukutwa si kweli: kwamba utaifa haukai kwenye damu tu, unalishwa pia na mahali ulipowekwa na namna ulivyopangwa. Hiyo ni habari kubwa kwa yeyote anayepanga makazi ya wakimbizi.

Sasa niguse kidonda chetu sisi waandishi. Mara ngapi tumeandika kwamba Kiswahili ndicho kilichoiunganisha Tanzania? Tunaitamka sentensi hiyo kama dua. Kumbe ni nadharia tete, yaani inaweza kupimwa, na ikipimwa inaweza kuanguka.

Richardson alilipima jambo la namna hiyo. Enzi zake kulikuwa na watu, Waesperanto mojawapo, waliotumaini kwamba dunia ikisema lugha moja itaacha kupigana. Akapitia magomvi yake na hakupata ushahidi kwamba kusema lugha moja, peke yake, kunazuia watu kuuana. Na sisi wa Katavi hatukuhitaji jedwali lake. Burundi yote inasema Kirundi. Muuaji na aliyeuawa mwaka 1972 walielewana kila neno.

Basi Kiswahili hakina kazi? Subiri. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, zilizofanana kwa mambo mengi ila zilipitia siasa tofauti za kujenga taifa baada ya uhuru. Aliuliza swali dogo la kimtaa: pale makabila yanapochanganyika, wazazi wanachangia shule? Busia alikuta kwamba mchanganyiko wa makabila unaendana na michango midogo. Meatu uhusiano huo haukuonekana. Maelezo aliyoyaona yanafaa ni kifurushi kizima: lugha ya taifa, mtaala wa shule unaofundisha utaifa, serikali za vijiji zilizochukua nafasi ya machifu, mgawanyo wa rasilimali. Lugha imo, lakini haimo peke yake.

Wilaya mbili ni chache. Mtu anaweza kusema kuna tofauti nyingine kumi kati ya Busia na Meatu, na atakuwa na hoja. Ila angalia tumesogea wapi: kutoka kwenye dua, kupitia Burundi inayoikanusha nusu ya dua, hadi kwenye dai dogo zaidi lakini gumu zaidi. Lugha inafanya kazi pale inapobebwa na shule, ardhi na utawala. Mimi nikiwa mpenzi wa Kiswahili nalipenda dai hili kuliko lile la kwanza, kwa sababu linanipa kazi ya kufanya. Lile la kwanza lilikuwa linanipa sifa tu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo mfano wa hali ya hewa unavunjika. Wingu halisomi utabiri. Ukitabiri mvua kesho, wingu halitabadili mawazo kwa hasira. Watu na dola husoma, na wakisoma hubadilika. Taifa likiandikwa kwenye ripoti kwamba liko hatarini, balozi zinawaonya watu wake, mtaji unakimbia, jirani anaongeza askari mpakani, na hatari inapata chakula.

Hata makundi tunayohesabia yanatengenezwa na watu. Chukua namba niliyomtajia mzee. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, walikubaliana mpango kwa ajili ya wakimbizi hao wa zamani: anayetaka arudi Burundi asaidiwe kurudi, anayetaka uraia wa Tanzania aombe. Karibu wanne kati ya watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 watu 162,256 walikubaliwa. Lakini waliambiwa pia kwamba watahamishwa kutoka kwenye makazi na kusambazwa mikoa mingine. Mpango wa kuwahamisha ukakwama, baadaye ukaachwa, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Kwa miaka minne mtu alikuwa mkimbizi kwenye safu moja ya jedwali, raia kwenye safu nyingine, na shambani kwake yeye yule yule, hajui kama apande mwembe au asipande, maana mwembe ni mti wa mtu anayekaa.

Mtafiti anayesoma takwimu za dunia za miaka hiyo ataona wakimbizi wa Tanzania wamepungua kwa ghafla. Kama hana habari atadhani amani imeshuka mahali fulani, watu wamefunga mizigo wakarudi. Wapi! Wengi hawakusogea hata hatua moja. Kilichosogea ni mstari uliochorwa kuwazunguka, na mstari huo ulichorwa kwa uamuzi.

Richardson alikumbana na jambo linalofanana na hili kwenye mipaka yenyewe. Alitaka kujua kama nchi yenye mipaka mingi inaingia vitani zaidi, na akaona kwa wastani ndivyo ilivyo: majirani wengi, vita vingi. Katika kutafuta urefu wa mipaka akashangaa kukuta mpaka mmoja, kati ya Hispania na Ureno, umeandikwa kilomita 987 mahali pamoja na 1,214 mahali pengine. Hakuna aliyedanganya. Kila rula inavyokuwa fupi, inaingia kwenye kona nyingi zaidi na urefu unaongezeka. Jibu linategemea rula, na rula inachaguliwa na mtu.

Tanzania inapakana na nchi 8: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Kwa wastani wa Richardson tungetarajiwa kuwa watu wa vita. Tangu uhuru tumepigana vita moja kamili na dola jirani, ile ya Uganda ya 1978 na 1979. Nchi moja haikanushi wastani, na asiyejua hilo asiguse takwimu. Lakini wastani nao hauihukumu nchi moja. Kati ya wastani na nchi yako kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo kuna watu wanaoamua. Mwalimu Nyerere alitumia miaka yake ya mwisho akisuluhisha mgogoro wa Burundi. Akafariki Oktoba 1999, Mandela akaipokea kazi hiyo, na mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 2000. Sijui mlinganyo unaotoa mtu kama huyo upande wa kulia.

Richardson alilijua hili. Aliandika pia milinganyo ya mashindano ya silaha: mimi naongeza kwa sababu wewe umeongeza, wewe unaongeza kwa sababu mimi nimeongeza, mpaka mambo yanalipuka. Watu wakamwuliza kama anamaanisha binadamu ni mashine. Akaeleza kwamba milinganyo yake inaonyesha watu wangefanya nini kama wasingetua na kufikiri.

Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali la mwaka wa kwanza. Ndiyo, mataifa yanapimika, kwa kiwango kile ambacho hayajatua yakafikiri, na kiwango hicho kwa bahati mbaya ni kikubwa. Sayansi inatuonyesha mteremko: ukiachia breki, gari litafika wapi. Haiwezi kukanyaga breki kwa niaba yetu. Na anayekataa kuujua mteremko kwa madai kwamba binadamu ni huru, huyo naye anaendesha usiku bila taa.

Ila anayepima ana deni lake. Kwanza, aseme rula yake ni ya urefu gani na aliichagua kwa nini. Pili, akikosa taarifa asiufanye ukosefu huo uonekane kama usahihi. Tatu, pale ambapo wenye majina bado wako hai, akaulize. Waliofika Katumba wakiwa watu wazima wanapungua kila mwaka, misiba tunaihudhuria. Hapa Kasokola hauhitaji viza wala ruzuku ya chuo cha ng'ambo kuwafikia. Bodaboda inatosha, na daftari, na subira ya kusalimia vizuri kwanza kabla hujatoa kalamu.